Mgongoni mwa Ngong: Njia, Hadithi na Historia ya Kajiado

Asubuhi, kabla vumbi la barabara ya Namanga halijapanda, mtu aliyesimama Kitengela akitazama magharibi huviona vilele vinne vimejipanga kutoka kaskazini hadi kusini. Ndivyo vilima vya Ngong. Uwanda wa Kaputiei ulioko upande huu ni tambarare ya nyasi na migunga, ndiyo maana vilima hivi vimesimama peke yao mfano wa kisiwa. Na kama ilivyo kawaida ya kisiwa, kila aliyepita karibu alitia nanga hapo: mfugaji wa Kimaasai, mpagazi wa pwani, mtawala wa kikoloni, mlowezi, na siku hizi vijana wa mjini wanaopanda Jumamosi kwa Jumamosi.

Wengi wa vijana hao hushuka na picha nzuri bila kusikia hata hadithi moja ya mahali walipopita. Hiyo ni hasara kubwa. Njia ya mgongoni mwa Ngong haizidi mwendo wa nusu siku, lakini imebeba sehemu kubwa ya historia ya Kajiado, na anayeijua historia hiyo huona kutoka kileleni nchi ambayo mwenzake haioni.

Jitu lililoanguka

Hadithi inayojulikana zaidi ni ya jitu. Inasimuliwa kwamba zamani jitu moja kubwa lilikuwa likitembea kuja kaskazini, likajikwaa kwenye mlima Kilimanjaro, likaanguka kifudifudi. Mkono wake ulikandamiza ardhi, na vifundo vya vidole vyake ndivyo vilele tunavyoviona leo. Wengine husimulia kwamba Mungu alipomaliza kuumba dunia alikung'uta udongo uliokuwa umeganda vidoleni mwake, na udongo huo ukawa vilima vya Ngong.

Wanajiolojia nao wana habari yao ya anguko. Ngong ni mabaki ya volkano iliyolipuka mamilioni ya miaka iliyopita. Bonde la Ufa lilipofunguka, upande wa magharibi wa mlima huo ulikatika ukadidimia, ukabaki ukuta wa mashariki peke yake. Mpandaji hahitaji kitabu kulithibitisha hilo. Akifika mgongoni na kuelekea kusini, ataona mkono wake wa kushoto mteremko wa taratibu unaokwenda hadi Karen na Ongata Rongai, na mkono wa kulia ardhi inayoporomoka ghafla mpaka bondeni. Kilele cha juu kabisa, Lamwia, kiko upande wa kusini, kimo chake mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kule bondeni, kando ya barabara ya Magadi, kuna Olorgesailie. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliitambua sehemu hiyo mwaka 1919, na katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba. Sehemu moja ya uwanja huo imeachwa kama ilivyokutwa: mgeni hutembea juu ya daraja la mbao, na chini yake yametapakaa mashoka ya mkono ya mawe kwa mamia. Ukiyatazama kwa karibu utaona jinsi kila moja lilivyochongwa pande zote mbili hadi likapata ncha na makali, kwa umbo lilelile ambalo mafundi wa hapo walilirudia kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mengine yanazidi umri wa miaka milioni moja. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika eneo hilohilo, zaidi ya miaka 300,000 iliyopita, watu walikuwa wameyaacha mashoka hayo mazito na kutengeneza zana ndogo, wakitumia kioo cha volkano kilicholetwa kutoka mbali, tena wakikusanya mawe ya kutolea rangi. Kwa maneno mengine, safari na biashara ya masafa marefu katika nchi hii ni kongwe kuliko kabila lolote linaloishi humo leo.

Mtoto wa Oloolaiser

Wamaasai huviita vilima hivi Oloolaiser, kwa jina la ukoo wa Ilaiser. Masimulizi ya ukoo huo ndiyo mzizi wa historia ya viongozi wao wa kiroho, maloiboni.

Inasimuliwa kwamba watu wa Ilaiser walimkuta juu ya mlima huu mtu mdogo, mdogo kiasi kwamba walidhani ni mtoto aliyepotea. Hakujulikana kwao wala wazazi wake. Wakamchukua, wakamlea bomani. Baada ya muda ikaonekana kwamba si wa kawaida: wakati wa kiangazi, pale alipokuwa palipatikana maji na majani mabichi ya ng'ombe. Mtoto huyo akakua, akaoa, na uzao wake ndio ulioendelea kutoa maloiboni kizazi baada ya kizazi. Kwa jamii ambayo uhai wake wote ni mvua na malisho, hakuna dalili ya baraka inayopita hiyo. Tena hadithi hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini vilima hivi vina heshima kwa wafugaji: ndiko walikotoka wanaoombea mvua.

Katika uzao huo alitoka Mbatiany, oloiboni mkuu wa nusu ya pili ya karne ya 19. Anakumbukwa kwa kutabiri maradhi ya watu na mifugo pamoja na ujio wa Wazungu. Alifariki karibu na mwaka 1890, wakati ambapo sotoka ilikuwa inaanza kumaliza ng'ombe na ndui ikafuata kumaliza watu. Wanawe wawili, Sendeu na Olonana, waligombea nafasi yake. Kisa kilichoandikwa na ofisa wa kikoloni A. C. Hollis mwaka 1905 kinasema kwamba mzee alimwahidi Sendeu vifaa vya uloiboni, akamwambia aje alfajiri. Olonana aliyasikia maneno hayo, akatangulia kufika. Mzee alikuwa na jicho moja tu, hakumtambua, akamkabidhi rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu na mawe ya kupigia ramli. Wafuasi wa ndugu hao walipigana kwa miaka mingi.

Wapo wanaokiona kisa hicho kuwa maelezo yaliyotungwa baadaye na walioshindwa, na wapo wanaokishika kama kilivyo. Lililo wazi ni kwamba familia hii ilitambulikana hadi mbali. Mwanajiografia Halford Mackinder alipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899, vilele vitatu vikuu vilipewa majina ya watu wake: Batian kwa Mbatiany, Lenana kwa Olonana, na Nelion kwa ndugu wa Mbatiany. Siku isiyo na mawingu, aliyesimama mgongoni mwa Ngong huuona mlima huo kaskazini.

Kambi ya wapagazi wa pwani

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kuikumbuka Ngong. Kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, misafara ya pembe za ndovu kutoka Mombasa na Pangani ilipita Taveta, ikaivuka nchi ya Wamaasai, ikapumzika mahali walipopaita Ngongo Bagas, karibu na vilima hivi. Hapo ndipo nyika ilipokutana na mashamba ya Wakikuyu. Wapagazi walinunua maharage, mtama na viazi vitamu, wakajaza posho ya kuvuka Bonde la Ufa, kwa kuwa mbele yao kulikuwa na siku nyingi pasipo na shamba. Mwaka 1883 mvumbuzi Joseph Thomson alipitia hapo akielekea Baringo na Ziwa Viktoria, akiongozwa na njia ambazo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamezizoea siku nyingi.

Njia hiyo ilikuwa na damu yake. Novemba 1895, katika bonde la Kedong lililoko kaskazini magharibi ya vilima, msafara wa watu wapatao 1,100, Waswahili na Wakikuyu, uligombana na Wamaasai. Watu wapatao 650 wa msafara huo waliuawa. Mfanyabiashara wa Kizungu, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, aliwashambulia Wamaasai kulipiza kisasi, akauawa naye. Uchunguzi wa serikali ya wakati huo ulikuta kwamba watu wa msafara ndio waliochokoza. Baadhi ya wapagazi hao walitoka nyumba za pwani ambazo hazikupata kaburi la kuzuru, na hadi leo wasafiri hulipita bonde hilo bila kujua.

Mikataba miwili

Agosti 1904 serikali ya Uingereza iliwekeana mkataba na Olonana na wazee wengine wa Kimaasai. Wamaasai waliondolewa malisho bora ya Bonde la Ufa, wakagawanywa: wengine Laikipia, wengine kusini ya reli, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Kajiado ya leo. Waliahidiwa kwamba mipango hiyo ingedumu maadamu Wamaasai wapo. Haikufika miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata ukatiwa saini mkataba wa pili wa kuwahamisha walioko Laikipia waje kusini. Mwaka 1913 Wamaasai walikwenda mahakamani kuupinga. Kesi ilikataliwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa baina ya dola mbili, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka nao. Waliohesabiwa kuwa dola huru kwa ajili ya kukosa haki walikuwa tayari wamehamishwa kama watu wasio na kwao.

Wakati huohuo, mashariki ya vilima, walowezi walikuwa wakipima mashamba. Karen Blixen alilima kahawa hapo kati ya 1914 na 1931, na kitabu chake cha mwaka 1937 ndicho kilicholisambaza jina la Ngong duniani. Rafiki yake Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931, amezikwa kwenye mteremko wa mashariki, na kaburi lake lina mnara. Ni sehemu ya historia ya mahali hapa, lakini ni ukurasa mmoja tu, na haifai ukurasa mmoja usomwe kana kwamba ndio kitabu kizima.

Njia yenyewe

Safari ya kawaida huanzia kaskazini, juu ya mji wa Ngong, kwenye lango la Huduma ya Misitu. Mgeni hulipa kiingilio, na ni busara kufuatana na askari wa misitu. Mwanzoni njia inapita kati ya mitambo ya umeme wa upepo. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 kampuni ya umeme ya KenGen ikaongeza mipya, na sasa kituo kina uwezo wa megawati 25.5. Katika eneo hilohilo la Ngong, chini ya ardhi, limechimbwa handaki la kilomita 4.5 la reli ya kisasa ya kwenda Naivasha, iliyozinduliwa Oktoba 2019.

Ukishaiacha mitambo, njia ni panda-shuka. Kila kilele kinamdanganya mpandaji kuwa ndicho cha mwisho. Mgongo umevikwa nyasi fupi zilizolazwa na upepo, na kwenye mikunjo kuna vichaka vya leleshwa, majani ya kijivu yanayonukia yakifikichwa. Huko pia hupatikana oloirien, mzeituni wa mwituni, ambao wanawake wa Kimaasai huchoma vijiti vyake na kutumia kaa lake kusafishia vibuyu. Maziwa yaliyotiwa humo hukaa bila kuharibika upesi, na hubeba harufu ya moshi inayojulikana katika kila boma. Kengele za ng'ombe husikika kabla ng'ombe hawajaonekana, kwa kuwa wafugaji bado hupandisha mifugo malisho ya chini yanapokauka. Lamwia ukiipita, njia huteremka kuelekea Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoanza kushuka bondeni.

Kilichobaki mikononi mwetu

Urithi huu haujafa. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika vilima vya Maparasha, hapahapa Kajiado, kwa ajili ya Olng'esherr, wakauaga umorani na kuingia uzee. Vilima vya nchi hii bado vinafanya kazi iliyovipa heshima.

Lakini ardhi inayovizunguka inakatwa. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata sehemu yake, na kutoka hapo vipande vikazidi kuuzwa na kuzungushiwa ua. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini ili wanyama watoke na kurudi wakifuata mvua. Leo nyumbu wanakutana na seng'enge. Kuanzia mwaka 2000 wenye ardhi kadhaa walilipwa kwa ekari ili wasizungushe ua, mpango uliosaidia ingawa haukuweza kushindana na bei ya ploti. Njia za wanyama zikifungwa, za mifugo hufuata, kisha za watu, na hadithi hukosa mahali pa kusimuliwa.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa pande tatu. Serikali ya Kaunti ya Kajiado iweke kando ya njia ya Ngong mabango ya Kimaasai na Kiswahili yanayosimulia habari za Oloolaiser, Ngongo Bagas na mikataba ya 1904 na 1911. Walimu wa Kitengela na Ngong wawapeleke wanafunzi mlimani, wakifuatana na mzee anayejua kusimulia. Na wewe unayepanga kupanda Jumamosi ijayo, kabla hujavuka lango, tafuta mzee wa Kimaasai pale mjini Ngong, umwamkie kwa heshima, umwombe akusimulie habari za mlima. Uandike atakachosema, na jina lake uliandike pamoja nacho kwa idhini yake.