Dalali huyu ametumwa na nani?

Kuondolewa kwa nguvu huku kwetu hakukuanza na benki. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, waliondolewa kumpisha mwekezaji, na kila mtu alijua aliyewaondoa ni serikali. Nyumba kuuzwa kwa deni ni historia nyingine, na ndani yake aliyetoa amri haonekani kwa urahisi hivyo.

Benki zilitaifishwa Februari 1967. Benki ya Nyumba ilipoanza 1973, mkopeshaji alikuwa serikali, na mkulima wa pamba wa Shinyanga alikopeshwa kupitia chama chake cha ushirika. Nyumba yake ya kijijini haikuwa na hati ya kuweka rehani. Madeni yalirundikana hadi sheria ya 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka huohuo ikaundwa taasisi ya serikali, LART, kukusanya mikopo iliyochacha. Benki ya Nyumba ikafa 1995.

Sheria ya Ardhi ya 1999 iliwatia hofu wenye benki, wakalalamika, na marekebisho ya 2004 na 2008 yakawasikiliza. Mkopeshaji anatoa notisi ya siku 60, kisha anamkabidhi dalali kazi ya kuuza. Si lazima apite kwa hakimu.

Hapo ndipo watu wanapopotezwa. Dalali wa mahakama hubeba amri ya mahakama, na kanuni za 2017 zinamdai sifa na nidhamu. Dalali wa benki hubeba barua ya mteja wake. Lakini wote wawili huja na gari na kipaza sauti, na vijana wa kutoa vyombo nje. Mama mwenye nyumba akisikia neno dalali anaamini mahakama imeshahukumu, anaanza kukusanya masufuria. Hajui kwamba mnada unadai tangazo la siku 14, wala kwamba nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Bei ikishuka chini ya ile ya soko kwa robo au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba benki haikutafuta bei nzuri, na benki ndiyo inayopaswa kujitetea. Kifungu hiki kingebandikwa kwenye kila ofisi ya mtaa, maana kwa mkopaji anayeishi kwa uchimbaji, dhahabu haina ratiba. Duara, yaani shimo la mchimbaji, laweza kukaa miezi bila kutoa mawe ya maana, na rejesho halisubiri.

Wasio na hati hukimbilia mikopo ya kausha damu. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo wako wanaoshikilia kadi ya benki ya mteja na kubeba televisheni na friji bila notisi yoyote.

Gari la mnada likiingia mtaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa huwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa. Kabla hajasimama kando kama shahidi, aiombe ile karatasi, asome imesainiwa na nani, kisha awasomee wenye nyumba kwa sauti.