Ufadhili wa Utafiti Ughaibuni na Haki ya Maskini Kupata Afya

Ufadhili wa utafiti ni msaada unaomwezesha mwanafunzi kwenda chuo kikuu cha nchi nyingine ili kuchunguza swali moja kwa kina. Katika fani ya afya, swali mojawapo lenye uzito ni hili: kwa nini maradhi yale yale huwaelemea maskini kuliko wenye nacho? Mwaka 2008, Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilionesha kwamba tofauti hizo hutokana kwa sehemu kubwa na makazi, kazi, elimu na kipato.

Mkoa wa Tanga unaufahamu ukweli huo kupitia matende na mabusha, maradhi yanayoenezwa na mbu. Kwa kuwa vimelea vyake huonekana zaidi katika damu nyakati za usiku, wanakijiji wa Masaika na Kirare walikubali kupimwa damu usiku, katika tafiti za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wataalamu wa Denmark. Mgonjwa wa matende hupungukiwa nguvu za kufanya kazi, na mara nyingi aibu humtenga hata na Jumuiya yake Ndogo Ndogo.

Miongoni mwa mipango ya ufadhili ni ule wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa mwaka 1959. Kwa njia yake mojawapo, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyesajiliwa katika chuo kikuu cha nchini mwake huweza kusoma Uingereza kwa muda usiozidi miezi 12, huku akiahidi kurejea nyumbani. Anayetafiti afya za watu nchini Tanzania hupaswa kwanza kupata idhini ya kimaadili.

Mama Kanisa anatambua uso wa Kristo katika mgonjwa. Mtakatifu Yohane Paulo II alianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1993. Elimu nayo ni talanta isiyopaswa kufukiwa ardhini. Kijana anayesomea ughaibuni maradhi ya watu wake ana deni kwa yule aliyekatiza usingizi ili atoe damu yake: arudi, aketi naye, na amweleze kwa Kiswahili kilichogunduliwa na kinachopaswa kutendwa.