Homa za Mlimani na Dripu Iliyozua Ugomvi

Septemba 13, tangu mwaka 2012, ni Siku ya Sepsisi Duniani. Sepsisi ni pale uambukizo unapouvuruga mwili hadi figo, mapafu na moyo vinaanza kushindwa kazi. Jijini Arusha ni wachache wanaoijua siku hiyo. Inasikitisha, maana baadhi ya tafiti zilizotikisa matibabu ya ugonjwa huu zilifanyika katika wodi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, mwendo wa basi tu kutoka hapa.

Kwa miaka mingi homa, hata ya sepsisi, ilikuwa na jina moja. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa chini ya asilimia 1 ya watoto wa mkoa huu. Hata hivyo mtu akichemka tu, aliambiwa ana malaria. Zikaja dawa: klorokwini, SP, kisha mseto.

Mwaka 2004, Dk. Hugh Reyburn na wenzake walichapisha hesabu kutoka hospitali 10 za ukanda huu. Kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali, ni 2,062 tu waliokuwa na vimelea. Wasiokuwa navyo walikufa zaidi, asilimia 12.1 dhidi ya 6.9, na theluthi yao hivi hawakupewa antibiotiki.

Moshi ikaongeza aibu. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria; waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikutwa na bakteria kwenye damu, au maradhi ya mifugo na panya: bruselosisi, homa ya Q, na homa ya mgunda, ile iliyoshtua Lindi mwaka 2022. Anayeyajua maboma ya Meru, ng'ombe wamefungwa nyuma ya jiko, hatashangaa.

Lakini ugomvi mkubwa ulizuka kwa sababu ya dripu. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema mtoto mwenye uambukizo mkali, mikono na miguu ikiwa baridi, amiminiwe maji ya mshipa haraka. Hapa nyumbani hakuna ndugu aliyebisha. Mgonjwa asiyetundikiwa dripu huonekana kama hajatibiwa.

Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, akataka ushahidi. Utafiti wake, FEAST, uliwahusisha watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania; kwa upande wetu ilikuwa Teule, Muheza. Januari 2011 ukasimamishwa kabla ya wakati. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.5 hivi ya waliomiminiwa maji kwa kasi, na asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa.

Wakosoaji wakaja juu. Walisema wengi wa watoto hao walikuwa na malaria, na hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia, kwa hiyo matokeo hayawahusu wao. Watafiti wakajibu kwamba madhara yalionekana katika kila kundi la watoto. Shirika la Afya Duniani nalo likasitasita, hadi mwaka 2014 madaktari wa FEAST, akiwemo Mtanzania Dk. George Mtove aliyekuwa Muheza, wakaandika hadharani kulihoji: kwa nini mwongozo wake unapuuza ushahidi wa Afrika? Mwongozo mpya ulitoka 2016. Mwaka uliofuata, utafiti wa Lusaka ukaonyesha hatari hiyohiyo kwa watu wazima.

Mei 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kupambana na sepsisi. Siku hizi kipimo cha haraka kimeipunguzia malaria sifa isizostahili, ila taifodi na UTI zimekalia kiti chake. Mtu hutoka duka la dawa na vidonge kabla damu yake haijafika maabara. Kuotesha damu, kipimo kinachomtaja mdudu mwenyewe, bado ni huduma ya hospitali kubwa, na majibu huchukua siku. Tabibu wa zahanati mlimani hana siku hizo. Ana saa ya kuhesabia pumzi, kipimo cha presha, na macho ya kumwona mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa au asiyepata mkojo. Akiziona dalili hizo, antibiotiki na rufaa ni za saa hiyohiyo.