Kuhamisha hifadhidata ya programu ya nakala za akiba

Kila programu inayohifadhi nakala za akiba za data ya kampuni huwa na daftari lake, yaani hifadhidata inayoonyesha nakala zilizopo, mahali zilipo na ratiba zake. Daftari hilo likiharibika, kurejesha data huwa kazi ngumu.

Toleo la 11 la Veeam Backup & Replication, la mwaka 2021, lilikuja na SQL Server 2016 Express ya Microsoft, ambayo kila hifadhidata yake haiwezi kuzidi gigabaiti 10. Toleo la 12, la 2023, lilileta PostgreSQL, isiyo na kikomo hicho. Hata hivyo, aliyeboresha programu ya zamani hubaki na SQL Server hadi ahame mwenyewe.

Anayehama asimamishe kwanza kazi zote, kisha ahifadhi mipangilio katika faili iliyosimbwa kwa nywila. Isiposimbwa, nywila za seva hazitahifadhiwa humo, naye atalazimika kuziingiza upya moja baada ya nyingine. Faili hiyo iwekwe kwenye tarakilishi tofauti.

Baada ya kuhama, ajaribu kurejesha data kidogo. Akiba isiyojaribiwa haiaminiki.