Kutoka Beni hadi Genge: Tarehe ya Holi za Eastlands

Nairobi ilipowahamishia Waafrika upande wa mashariki, ngoma zao zilihama nao. Mombasa, Maskini na Kileleshwa, vijiji vya hapo Nairobi walivyojijengea wenyewe, vilibomolewa katika miaka ya 1920, na wenyeji wakaelekezwa Pumwani. Pangani ilinusurika hadi 1939, nayo ikavunjwa, watu wakapelekwa kwenye nyumba mpya za Shauri Moyo. Wazee hueleza jina hilo kwa masikitiko: kukubali au kukataa kuhamia huko lilikuwa shauri la moyo wa kila mtu, maana serikali ilikuwa imekwisha kuamua.

Walichokuja nacho kilikuwa cha pwani kwa asili. Ngoma ya beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikaiga gwaride na bendi za kizungu. Vita Kuu ya Kwanza ikaibeba bara, mikononi mwa askari na wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha Carrier Corps. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ungali unabeba jina la kikosi hicho. Beni ilikuwa na vyeo: kingi, jenerali, daktari. Mtu aliyeitwa "boi" mchana kutwa jikoni kwa tajiri wake, jioni alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akapigiwa saluti na watu wake mwenyewe. Wapo waliodhani huko ni kumwiga mzungu tu. Mimi naona ilikuwa njia ya kujipa heshima ambayo mji ulikuwa umemnyima.

Wanawake walikuwa na lelemama yao. Anayeitazama kwa mara ya kwanza aweza kudhani hakuna kinachotokea. Wachezaji wanasimama safu moja, bega kwa bega, nguo za sare, miguu imetulia. Ngoma yote iko kwenye viganja na vifundo vya mikono: vinageuka polepole, pamoja, kama mkono mmoja. Makali yako kwenye maneno. Aliyedharau chama, aliyeshindwa kulipa deni, aliyemchukulia mwenzake mume, wote husikia habari zao zikiimbwa kwa mafumbo, na jirani wote wanajua ni nani anayesemwa. Wengi wa wanawake wa Pumwani na Pangani walikuwa na nyumba zao wenyewe na pesa zao wenyewe, na chama cha ngoma kilikuwa ndio ukoo wao mjini. Mmoja akifa, chama ndicho kilichomzika.

Wakubwa walijua nguvu ya vitu hivi. Mwaka 1930 serikali ilipiga marufuku Muthirigu, wimbo na ngoma ya Wakikuyu iliyowashambulia wamishenari na machifu. Ukiona serikali inaogopa wimbo, jua wimbo umefika.

Ndipo wazo la holi, yaani kumbi za mitaa, lilipopata nguvu. Pumwani tayari ilikuwa na Ukumbi wa Kumbukumbu tangu baada ya ile vita ya kwanza, na katika miaka ya 1940 mtaa wa Kaloleni ukajengwa, kwa kazi ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano, nyumba za mawe na vigae zikizunguka ukumbi wao. Aliyesimamia mambo ya Waafrika katika manispaa tangu 1945, Tom Askwith, alikuwa mpiga makasia wa Olimpiki, na aliamini kwamba michezo, madarasa na dansi vingewatuliza watu wa mjini. Holi zikapewa ratiba: kusoma, kushona, ndondi, na dansi ya wikendi.

Watu walizipokea kwa mikono miwili, wakazitumia kwa nia yao. Wanamuziki kama Fundi Konde, aliyewatumbuiza askari wa King's African Rifles (KAR) hadi Burma, walirudi na gita na midundo ya rumba, na vijana wa reli na makarani wakajifunza foksitroti na walzi. Siku nyingine ukumbi uleule wa Kaloleni ulijaa siasa hata watu wakauita bunge lao. Mwanasiasa Tom Mboya alihutubia humo. Hodari wa jukwaa huwa hodari wa jukwaa: kumnyamazisha msikilizaji, kumchekesha, kumwinua, ni kazi ile ile kwa mwanasiasa na kwa mwimbaji.

Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ilizingira mitaa hii. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kwenye malori kwenda kuchujwa na kufungwa kambini. Vikundi vya ngoma navyo vilipungukiwa na watu.

Baada ya uhuru sanaa ilitoka nje zaidi. Jumapili, ngoma za isukuti zilisindikiza timu ya soka ya Abaluhya, ambayo baadaye ikawa AFC Leopards, hadi uwanja wa Jogoo Road, na mashabiki wa Gor Mahia wakajibu kwa nyimbo zao. Kwa mtu anayejua beni, pande mbili zenye rangi, vyeo na nyimbo za kejeli si jambo geni.

Dandora ilianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu alipewa kiwanja, choo na bomba, nyumba akajijengea. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1990, kundi la rap la Kalamashaka lilichana mistari kwa Kiswahili na Sheng wakati redio zilipenda Kiingereza cha Marekani. Mwaka 2000 Clemo na Jua Cali walianzisha Calif Records mtaani California, na muziki wao ukaitwa genge, yaani kundi. Kundi la Ethic likatoka Umoja na wimbo "Lamba Lolo" mwaka 2018. Wengine walilaani matusi yake, na baadhi ya lawama zilistahili. Lakini mafumbo, majina ya kujipa na ushindani wa mtaa kwa mtaa ni urithi wa nyanya zao wa lelemama, hata kama vijana hao hawajawahi kuisikia.

Sasa mitaa hii inapangiwa maghorofa. Nyumba za kaunti za Pangani zimekwisha kubomolewa, kwa mara ya pili katika historia ya jina hilo. Sipingi mtu kupata nyumba bora. Naiomba Kaunti ya Jiji la Nairobi iziache holi za Pumwani na Kaloleni zisimame, zipakwe rangi, zipewe taa na funguo zikabidhiwe vikundi vya mtaa. Nawe msomaji, kama una nyanya aliyekulia Pumwani au Shauri Moyo, kaa naye jioni moja na daftari. Mwulize chama chake kiliitwaje, na kingi alikuwa nani.