Ziwa Letu na Maiti za 1994
Kila Mei 21 hapa Nyamagana tunawakumbuka wahanga wa MV Bukoba ya 1996 waliozikwa Igoma. Wao walikufa kwa ajali. Miaka miwili kabla, Mto Kagera ulileta ziwani maelfu ya maiti kutoka Rwanda: watu waliouawa na jirani zao. Uganda iliwazika Kasensero, Lambu na Ggolo.

Makumbusho ya Gisozi, Kigali, yaliyofunguliwa 2004, huyaweka mauaji hayo kando ya yale ya Wayahudi wa Ulaya, na mtazamaji huiona njia ileile: kwanza jina la dharau, kisha orodha, mwisho kifo.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: uvumilivu huanza siku tunapokataa jirani kuitwa mende.