Keja ya Bei Poa Inaanza na Udongo

Wasee, kila tukiongea nyumba za bei nafuu tunaongea simiti, funguo na wanasiasa wakikata utepe. Mimi nasema tuanze na udongo. Anayeshika ardhi ndiye anayepanga kodi yako.

Sisi wa Makwasinyi tunalijua hili kutoka kwa wazee. Mwaka 1915, vita na Wajerumani vikiwa moto, Waingereza waliwang'oa watu wa Kasigau wakawapeleka mpaka Malindi. Kurudi ilikuwa miaka ya 1930. Ukinyang'anywa ardhi, hata nyumba uliyojenga kwa mikono yako imeenda.

Siku hizi tunahama wenyewe. Ukipata kibarua Voi, cha kwanza ni kusaka keja. Na hapo hapo Voi kuna mtaa wa Tanzania-Bondeni, ambao tunaupita kila siku bila kujua historia yake.

Watu walijenga pale bila hati, kwenye ardhi ya reli, ya shamba la mkonge na ya serikali. Miaka ya 1990 ukaja mradi wa kuboresha miji midogo, ukisaidiwa na Wajerumani (ndio, hao hao, safari hii bila bunduki). Wakazi wakaulizwa: kila mtu achukue hati yake, ama ardhi iwe ya mtaa mzima? Wakachagua mtaa mzima. Nyumba ni yako, unaweza kuiuza ama kumwachia mtoto. Ardhi iliyo chini yake haiuzwi. Wazo lenyewe lilizaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1969, kwa watetezi wa haki za Weusi.

Mbona wakatae hati binafsi? Cheki Dandora, Nairobi. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maskini waligawiwa karibu ploti 6,000. Wengi waliuza, wenye pesa wakapandisha ghorofa za kupangisha. Bondeni waliogopa kuishia hivyo.

Haikuwa rahisi. Sheria zetu hazikuwa na nafasi ya mpango kama huo, ikabidi waunde chama cha wakazi na pia chombo kingine cha kushika ardhi kwa niaba yao. Watafiti wa nje wameandika sana kuhusu Bondeni. Lakini mpango haukusambaa nchini.

Nilipoacha chuo nilianza kusoma hizi tafiti bila presha ya mtihani, na moja iligoma kutoka kichwani. Mwaka 2004 Benki ya Dunia ilihoji kaya za mitaa ya mabanda Nairobi: 92 kati ya 100 walikuwa wapangaji. Wapangaji! Leo ushuru wa nyumba unakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mazungumzo ni ya kununua.

Sipingi mtu kumiliki. Nauliza tu: kati ya nyumba zote zinazojengwa, ngapi ziko kwenye ardhi ambayo tajiri hataweza kuinunua kesho? Wewe unayelipa kodi Voi, hilo ndilo swali la kumuuliza mheshimiwa akija na mkasi wa utepe.